Redio ya tanki la mama ilikuwa haisikii

Kwa mama kule Kibosho tanki la maji liko juu kihambani, yaani shambani kwenye migomba, hatua 140 kutoka jikoni, na katikati ni miti na kahawa tupu. Pampu iko chini, ubavuni mwa nyumba. Kila ikiwashwa, lazima mtu apande kuchungulia kama tanki limejaa. Akisahau, maji yanamwagika, yanabeba udongo wa kwenye kahawa, na umeme wa luku unaishia hapo hapo. Mama ana goti bovu. Nikaona bora tanki lenyewe litoe taarifa.

Nikanunua zile redio ndogo za megahezi 433, transmita ya kutuma na risiva ya kupokea, pea moja bei yake haifiki hata kilo ya nyama. Mezani kwangu Moshi mjini zilikubali mara ya kwanza. Kihambani, hatua ya 12 tu, kimya.

Karibu kila niliyemuuliza alisema niongeze nguvu. Transmita hizi zinakubali volti 3 hadi 12, kwa hiyo nikatoka volti 5 nikafunga betri ya 12. Nikapata hatua 9 za ziada. Siku hiyo niliacha kubahatisha. Niliandika programu ya kutuma namba kila sekunde, 1 mpaka 100, upande wa pili uhesabu ngapi zimefika. Kwenye hatua ya 20 zilifika 31.

Nilianza na antena, kwa sababu redio zangu zilikuja bila antena yoyote, zina tundu dogo tu lililoandikwa ANT. Hesabu yake ni rahisi: mawimbi ya megahezi 433 yana urefu wa sentimita 69 hivi, na antena inayofaa ni robo yake, yaani sentimita 17.3. Nilichukua waya wa shaba wa nyumba, ule mgumu wa uzi mmoja, nikaunyoosha kwa koleo, nikaupima kwa futi kamba ya fundi cherehani kuanzia pale solda inapoishia, nikakata. Waya wa pili wa urefu huohuo nikaulehemu kwenye graundi (upande wa hasi) ukielekea chini, maana robo ya wimbi inahitaji kitu cha kusimamia. Antena zote mbili nikazisimamisha wima; ukilaza moja tu, unapoteza sana. Hatua ya 20 zikafika zote 100, na kwenye hatua ya 60 zikafika 64.

Kilichonishangaza zaidi ni chaja. Risiva ilikuwa inakula umeme wa chaja ya simu, na chaja hizi za kawaida ndani yake zinawasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Risiva za aina hii zisipopata mawimbi huongeza usikivu zenyewe mpaka zinaokota kila takataka ya hewani, na ya chaja iko jirani kabisa. Nilipochomoa chaja nikaweka betri nne ndogo, bila kugusa kitu kingine, 64 ikawa 91. Wiki nzima nilikuwa nahangaika na transmita, kumbe tatizo ni sikio! Sasa risiva inatumia adapta ya zamani nzito yenye transfoma, na kwenye miguu ya umeme ya risiva nimelehemu kapasita ya maikrofaradi 100 na nyingine ndogo ya 0.1, za kutuliza umeme. Nikaitoa pia chini ya bati, nikaiweka kwenye dirisha linalotazama tanki.

Upande wa programu sikufanya mengi. Nilishusha kasi kutoka biti 2000 kwa sekunde hadi 1000, na kila taarifa inatumwa mara nne kwa vipindi visivyolingana, kwa sababu rimoti za mageti na magari nazo zinatumia masafa hayahaya.

Masika yalipoingia hesabu ikaporomoka tena. Majani ya mgomba yakilowa ni ukuta wa maji. Nilipandisha antena ya tanki juu ya nguzo ya mgrevilea mpaka ikayapita majani, na boksi nikalitoboa tundu la waya upande wa chini, nikaziba kwa silikoni. Kutoka jikoni, mvua ikinyesha, napata 96.

Jambo moja lilinikosesha usingizi kuliko umbali. Taarifa isipofika, mama atajuaje kama tanki halijajaa au redio imekufa? Ukimya ule unaweza kumwaga maji usiku kucha. Ndiyo maana sasa transmita inatuma "nipo" kila dakika 2, hata kama boya la ndani ya tanki, linaloonyesha maji yamejaa, halijapanda. Zikipita dakika 10 bila neno, taa nyekundu inawaka jikoni, na mama anajua ni kuzima pampu kwanza, maswali baadaye.

Mwezi wa saba alinipigia simu jioni.

"Mwanangu, ile nyekundu imewaka. Pampu nimeshazima."

"Umefanya vizuri mama. Nakuja kesho asubuhi."

Nilipanda na mita mfukoni. Betri ya juu ilikuwa imeshuka hadi volti 7, na tanki lilikuwa limebakiza kama kiganja kujaa.