Kama ni mmoja tu, namwokoa Muyaka

Nikiambiwa maandishi yote ya dunia yanateketea, nichague mtunzi mmoja tu wa kuachiwa vizazi vijavyo, simchagui Shaaban Robert. Watu wa Tanga mniwie radhi, hasa shemeji yangu wa Chumbageni, ambaye tangu nilipomwambia hivyo ananiita msaliti.

Shaaban ni mkubwa, hilo sibishi. Lakini ukisoma Adili na Nduguze unakutana na watu jinsi wanavyotakiwa kuwa. Mimi nataka watakaotufuata wajue tulivyokuwa hasa, na hayo yamo kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Humo mna uhasama wa Mazrui, waliokuwa watawala wa Mombasa, na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, mna vijembe vya kivita kwa wapinzani, halafu ukifunua ukurasa mtu analia mapenzi, mwengine anailaumu dunia. Wakati tenzi za dini zikitukuzwa, yeye shairi alilishusha sokoni na barazani, akalitia ugomvi na mzaha. Ndivyo tulivyo mpaka leo; pitia baraza yoyote ya Mji wa Kale baada ya alasiri.

Tena huyu alishaponea chupuchupu. Mashairi yake yalikuwa yakiishi vichwani mwa watu, na miaka mingi baada ya kufa kwake ndipo Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya, na mmisionari Mwingereza, William Taylor, akayanakili kwa herufi za Kirumi. Diwani ikaja kuchapishwa na mhariri William Hichens mwaka 1940, huko Johannesburg. Lau mzee Sikujua angekuwa mvivu wa kuuliza uliza, leo tungebaki na jina tu.

Nakala yangu ni fotokopi ya kitabu cha Profesa Mohamed Abdulaziz cha mwaka 1979, imejaa madoa ya chai. Naisoma kwenye feri ya Likoni, ubeti mmoja mmoja, maana Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, cha enzi hizo hakimezeki haraka hata kwa mimi mzawa wa Kibokoni.

Hapo ndipo shemeji alipodhani amenibana. “Na vikiteketea vyote, maelezo ya Abdulaziz nayo yamekwenda. Mafumbo hayo watayafumbua nani?”

Wajifumbulie. Muyaka mwenyewe alikuwa akiwatupia wenzake fumbo, nao wakeshe wakitafuta vina vya kumjibu.