Yusufu aliota, njo akaamuka

Juzi usiku niliota koko yangu, ule alikufaka, anasimama mu mulango ya nyumba yetu ya Majengo, bido ya manjano mu mukono, ananiambia tu: "Rudisha." Nikaamuka saa tisa ya usiku, umeme haiko, moyo inapiga, ju nilijua ni nini, kuko dada mumoja wa korali ananidai dola 20 na tangu miezi namukimbiakimbia.

Mathayo anaandika ndoto ine za Yusufu, bwana ya Maria, mu sura mbili tu, na Yusufu mwenyewe hasemi hata neno moja mu Injili yote, anaamuka, anabeba mutoto na mama yake usiku, wanaenda Misri. Hiyo inaniguzaka sana. Mi siamini kila ndoto, Yeremia 23 inakemea wale wanasemaka "nimeota, nimeota" na ni uongo, na ndoto yenye kukuomba ulipe kwanza ili waitafsiri, wapenzi, muikimbie. Lakini hii yangu ilikuwa inanirudisha ku Neno.

Asubui nikaenda kwa ule dada na zile dola 20. Nilimukuta anakaanga sambaza, akapanguza unga ku kitenge, akahesabu pole pole, akanisogezea kiti.