Siku moja ya mwalimu wa fizikia, Igombe, Mwanza

Saa 11 alfajiri. Data za Fermi, setilaiti inayonasa miale ya gama (mionzi yenye nishati kubwa mno) kutoka angani, zimemaliza kushuka. Ni za bure, yeyote anapakua, ila ni nzito; mimi huzivizia kwa bando la usiku. Nje mitumbwi ya dagaa inaingia.

Saa 1. Daladala. Konda anasema tusogee nyuma. Nyuma ipi?

Saa 4. Kidato cha tano, mada ni uvutano. Nachora ubaoni duara lililobonyea mno: njia ya pulsa PSR B1259-63. Ni kiini cha nyota iliyokufa, kipenyo kama kilomita 20, na kinajizungusha karibu mara 21 kwa sekunde. Kinaizunguka LS 2883, nyota yenye uzito unaozidi wa Jua zaidi ya mara 10, iliyojifunga diski ya gesi kiunoni. Mzunguko mmoja ni siku 1,237. Muda mwingi pulsa iko mbali, kisha inakuja mbio, inapasua diski, inatokomea. Upepo wake wa chembe unagongana na wa nyota, miale ya gama inatoka.

Hadi hapo darasa linanifuata. Halafu naonyesha grafu: pulsa ilipita karibu kabisa na nyota Desemba 14, 2010, Fermi ikaambulia kidogo tu. Mlipuko mkubwa ukaja Januari, mwezi mzima baadaye.

Binti wa dawati la nyuma ananyoosha mkono. "Mwalimu, sasa kinachowaka ni nini, na wenyewe wameshaachana?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Namwambia wataalamu bado wanabishana: wapo wanaotaja mabaki ya diski iliyochanwa, wapo wanaosema upepo wa pulsa unakuwa umeelekea kwetu. Anaandika yote mawili, hataki kuchagua. Nimempenda kwa hilo.

Saa 8. Kusahihisha madaftari. Tuyaache.

Saa 3 usiku, mwaloni. Ni Mei, Msalaba wa Kusini umesimama wima. Namwonyesha mzee jirani, anayepanga taa zake: pulsa iko kushoto kidogo mwa nyota ya chini.

"Siioni, mwalimu."

"Kwa macho haionekani, mzee. Itaikaribia nyota yake tena Novemba 2027."

"Na huo mlipuko?"

Tarehe sina. Mwaka 2017 ulichelewa siku 40 hivi, 2021 zaidi ya 50. Mzee anacheka, anasukuma mtumbwi.