Siku moja nikifukuzia mwanga unaofifia

Saa 9:10 usiku. Simu inalia kwa mlio niliouwekea jambo moja tu: setilaiti ya Swift imenasa mlipuko wa miale ya gama, aina ya mwanga yenye nguvu kuliko zote. Nyota kubwa ilikufa mbali mno, na miale yake imetupiga kwa sekunde chache kisha ikakatika. Yanayobaki ni masalia ya mwanga, nayo hayangoji mtu. Kwa kawaida ukiyaangalia baada ya saa kumi, unakuta takriban sehemu ya kumi ya ulichokiona saa ya kwanza. Kwa hiyo sirudi kulala.

Saa 9:40. Eksirei zinaonekana wazi, lakini kamera ya Swift ya mwanga wa kawaida haioni kitu. Hapo ndipo moyo unaponidunda. Huenda mlipuko uko mbali kupita kiasi. Huenda pia umefunikwa na vumbi, na penye vumbi ndipo penye gesi baridi, ile inayozaa nyota. Natuma ombi la kifaa cha X-shooter, kinachotawanya mwanga katika rangi zake, kilichofungwa kwenye mojawapo ya darubini kubwa za VLT zenye kioo cha mita 8.2, Paranal nchini Chile. Kule usiku ndio kwanza unaanza.

Saa 12 asubuhi. Spektra, yaani mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi, imefika. Mlipuko kwetu ni kama taa iliyowashwa nyuma ya pazia: gesi ya galaksi yake hula rangi fulani za mwanga na kutuachia mistari myeusi. Haidrojeni hula mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), lakini leo bonde lake, yaani pale mwanga ulipoliwa, liko kwenye 486. Mawimbi yamevutwa mara nne na kutanuka kwa ulimwengu, maana yake mwanga huu ulianza safari miaka bilioni 11.5 hivi iliyopita. Bonde lenyewe ni pana ajabu, na upana huo ndio mizani ya kupimia haidrojeni iliyo njiani.

Saa 3. Zinki na chuma. Zinki haishikani sana na vumbi, chuma hunasa humo kwa urahisi, kwa hiyo chuma kikipungua kwenye gesi kuliko zinki, najua kimejificha kwenye chembe za vumbi. Leo kimepungua sana.

Mwanafunzi ninayefanya naye kazi anasogeza kidole kwenye kioo cha kompyuta, karibu na nanomita 870. "Mwalimu, hapa pamebonyea. Ni kasoro ya kifaa?"

Namwambia agawe 870 kwa nne. Anapata 217.5, ananyamaza. Ubonyeo huo mpana, usio na kingo, tunaujua vizuri katika vumbi la galaksi yetu wenyewe. Wengi wanauhusisha na chembe zenye kaboni. Kuuona kwenye galaksi changa namna hii ni nadra. Tunapima tena mara tatu, kila mmoja kwa mkono wake, na bado upo.

Saa 8 mchana. Sasa molekuli za haidrojeni, ndiyo ile gesi baridi inayozaa nyota, na hapa ndipo kazi inaponiuma. Mistari yake inaangukia kati ya nanomita 364 na 444, upande wa buluu, na vumbi hula buluu kwanza. Kinacholinda molekuli zisivunjwe na mwanga mkali ndicho kinachotuzuia kuziona. Mlipuko wa tarehe 7 Juni 2008 ulipenya kwa sababu ulikuwa mkali kupindukia. Darubini ya Keck, kule Hawaii, iliona humo haidrojeni ya molekuli na hata kaboni monoksaidi. Ule wa leo ni dhaifu zaidi. Ndiyo maana nasisitiza tuwahi hii hafifu, maana tukikimbilia mikali tu tutaujaza mkusanyiko wetu galaksi zisizo na vumbi jingi na kudhani ndivyo zote zilivyokuwa.

Saa 11 jioni. Tunatuma taarifa fupi kwa wenzetu wote duniani: umbali, na ubonyeo wa 217.5. Molekuli hatuzitaji.

Saa 4 usiku. Ombi la saa nyingine mbili za darubini limekubaliwa. Wataangalia kukiingia giza Chile. Kwenye karatasi yangu, mstari mmoja wa nanomita 402 umezungushiwa kalamu nyekundu. Ni mwembamba na umezungukwa na mitetemo ya bahati nasibu ya vipimo, ila umekaa pale pale ambapo molekuli ingeuweka.