Siku Yangu Moja na Koneksini 26

Saa 2:00 asubuhi. Ninatoa seli za Sf9 kwenye friza ya nyuzi -80 na kuziacha ziyeyuke taratibu juu ya barafu. Chimbuko lake ni ovari ya nondo wa viwavijeshi vamizi, wale wale walioonekana Afrika mwaka 2016 na wanaoendelea kushambulia mahindi kwetu Morogoro. Hapa Uingereza, zikishaambukizwa bakulovirusi (virusi vya wadudu) iliyobebeshwa jeni ya binadamu iitwayo GJB2, hututengenezea koneksini 26, protini yenye asidi amino 226, ambayo hitilafu zake ni chanzo kikubwa cha uziwi wa kurithi duniani.

Saa 3:00. Ninazipasua seli, kisha mashine inazizungusha kwa nguvu ya mara 100,000 ya uvutano hadi tando zake zituame chini.

Saa 4:30. Sasa ndiyo kazi yenyewe. Koneksini hupenya utando wa seli mara nne, na sehemu zilizozama humo hazipatani na maji, hivyo ukiitoa bila kuisitiri hushikamana mabonge na kuharibika. Ninaiyeyusha kwa sabuni laini iitwayo DDM, katika chumba cha nyuzi 4, nikiikoroga polepole kwa saa tatu. Sabuni kali ingefanya kazi upesi, lakini ingezitenganisha koneksini sita zinazoshikana kuunda nusu ya mfereji. Katika mwili, nusu hiyo huungana na nusu ya seli jirani, na ioni pamoja na molekuli ndogo, zisizozidi takriban daltoni 1,000 (kipimo cha uzito wa molekuli), hupita kutoka seli moja hadi nyingine. Hizo sita zikitengana, nimebaki na protini isiyo na kazi.

Saa 8:00 mchana. Mchanganyiko unapita kwenye safu ya nikeli, yaani mrija uliojazwa chembe zenye nikeli, inayonasa mkia wa histidini (aina ya asidi amino) tulioupachika mwishoni mwa protini, kisha imidazoli, kemikali inayoshindania nikeli hiyo, inaiachilia.

Saa 10:00. Jeli inayotenganisha protini kwa uzito inaonyesha mstari mmoja mzito karibu na alama ya kilodaltoni 25. Wapo wanaoridhika hapo, lakini mimi sikubaliani nao, kwa kuwa sabuni ya jeli hiyo huvunja kila kundi, na mstari unathibitisha tu kwamba protini ipo. Ndiyo maana ninaipitisha pia kwenye safu inayotenganisha kwa ukubwa. Kwenye skrini kinapanda kilima kidogo cha protini iliyoshikamana mabonge, ambayo ninaimwaga, na baada yake kilima kirefu, chembamba, mahali panapostahili kundi la koneksini sita.

Saa 12:00 jioni. Ninaigawa protini ya kilima hicho kirefu katika vichupa vidogo, kila kimoja kikitosha jaribio moja, kwa sababu kuigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara huiharibu, kisha ninaitumbukiza katika nitrojeni ya kimiminika. Hii, isiyo na hitilafu, ndiyo ya kulinganishia. Kesho nitasafisha ile yenye badiliko la R143W (asidi amino ya 143, arginini, imekuwa triptofani), linalojulikana sana kutokana na kijiji cha Adamorobe nchini Ghana, ambako uziwi umerithiwa kwa vizazi. Itapita kwenye safu hizo hizo, kwa bafa (myeyusho unaodhibiti asidi) ile ile na kasi ile ile.