Sahani ya jirani hairudi tupu

Machi 2025 Ramadhani na Kwaresima ziliangukia pamoja, sie tumefunga kwa namna yetu na wenzetu kwa yao, na siku moja karibu na magharibi kitoto cha jirani kikapiga hodi kimebeba sahani imefunikwa kawa, ndani muhogo wa nazi na kipande cha samaki, kikasema bibi kasema hii yenu. Sasa mama yangu alivyotulea hapa Unguja sahani ya mtu hairudi tupu, hata huna kitu utatia japo embe mbili. Nikaiosha nikawa natafuta cha kutia, huku nawaza kanisa letu mtaa huu umeshalipa sahani ngapi na sie tumerudisha nini.

Mana kwenye vikao vyetu kila likitajwa neno kufikia jamii watu wanawaza spika, mkutano wa nje na vipeperushi. Mie Injili naiamini kwa moyo wangu wote, mtu asinielewe vibaya, lakini hapa kwetu nyumba karibu zote ni za Waislamu na spika inayoelekezwa dirishani kwa mtu anayemlaza mtoto haimfikishii huyo mtu chochote isipokuwa hasira. Kuna kikundi kimoja kiliwahi kugawa mchele mtaani, vifuko vizuri tu kilo mbilimbili, kumbe ndani ya kila kifuko wametia kikaratasi cha mahubiri. Asubuhi yake tukakuta vifuko vimepangwa getini kwetu, hajasema mtu neno, vimerudishwa tu. Iliniuma sana, na iliniuma zaidi kwa sababu waliorudisha wengine najua ndani hawana mchele.

Kilichotufungulia mlango ni maji. Kanisa lina kisima, na miaka yote watu walikuwa wanasimama getini na ndoo zao, mlinzi akiwa na moyo anawafungulia na asipokuwa nao wanarudi. Baadae kamati ikakubali, fundi akaja akatoboa ukuta, akapitisha bomba, akafunga mifereji miwili ya kuchotea maji upande wa njiani, kazi ya siku moja tu. Wala hatukuandika jina la kanisa pale ukutani na hilo nililipigania mwenyewe. Wiki ya kwanza namkuta mama mmoja mtu mzima anajaza dumu lake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, halafu akaniambia, "Mie napita hapa tokea kijana, nikidhani humu ndani hakuingiliki." Tokea kijana! Mtu tumeishi naye ukuta kwa ukuta.

Tokea hapo mambo yakaanza kwenda kidogo kidogo. Msiba ukitokea mtaani tunakwenda, kinamama zetu wanajifunga kanga, wanakaa mkekani na wenzao, tunatoa ubani kama watu wengine na hakuna anayesimama kuhubiri. Na alipofariki mzee wetu mmoja wa kanisa wanaume wa mtaa walikuja kuchimba kaburi bila kuitwa, jeneza wakapokezana mabegani mpaka makaburini, na wanawake ndo waliotupikia siku zile zote. Nililia siku hiyo na sikuwa namlilia mzee peke yake.

Wengine kanisani wanasema huku ni kuupoza uinjilisti. Mie nawarudisha kwenye historia yetu wenyewe. Askofu Edward Steere, huyu aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini pale palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa 1873, kabla hata hajawa askofu alikaa na watu wa hapa akiwasikiliza, akajifunza Kiswahili chao akaandika sarufi yake, na mwaka 1870 akachapisha hadithi alizohadithiwa hapahapa Unguja. Yaani mtu kaja kuhubiri na akaanza kwa kusikiliza hadithi za wenyeji! Na kule Pemba wamisionari wa Quaker, dhehebu la Kikristo, walifika 1897, mwaka uleule utumwa ulipoondolewa kisheria, wakanunua shamba pale Banani karibu na Chake Chake ili waliotoka utumwani wapate kazi yenye ujira. Hawa walianza na kile watu walichokuwa wanakihitaji siku ile.

Kwa hiyo ningekuwa na uwezo kila kanisa kabla ya kupanga lolote lingekwenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani, kuuliza mtaa una shida gani, na likubali kusikia hata jawabu lisilolipendeza. Sie tulipouliza tukaambiwa mnaegesha gari mbele ya njia ya skuli kila Jumapili, watoto wa madrasa wanakosa pa kupita. Tukahamisha. Huo nao ni uinjilisti nakwambieni.

Kikao chetu ni Jumamosi hii na nina mawili ya kupeleka. La kwanza taa pale mferejini, mana wanawake wanachota alfajiri na kiza kinakuwa bado. La pili viti na turubai zilizorundikwa stoo zikisubiri Krismasi, zitoke ziwe za mtaa mzima, harusi na misiba, bila ya kukodisha.

Na ile sahani niliirudisha na mkate wa kumimina. Kesho yake ikaja tena, ina kaimati.