Kusoma Mikunjo ya Suruali Kabla ya Kushika Mkasi

Dera husamehe makosa ya vipimo kwa sababu halishiki mwili popote isipokuwa mabegani, na ndiyo maana wengi wetu tunaojishonea nguo huku Mtwara huanza nalo na kubaki nalo kwa muda mrefu. Suruali ni habari nyingine. Inaweza kutosha kiunoni, ikatosha nyonga, urefu ukawa sawasawa, na bado ikavuta msambani, ikaning'inia chini ya makalio au ikateremka nyuma kila mvaaji anapoketi. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kupunguza au kuongeza ubavuni, kwa kuwa mshono wa ubavuni umenyooka na ni rahisi kuufumua. Kwa maoni yangu hapo ndipo suruali nyingi zinapoharibikia, kwa maana kasoro nyingi haziko ubavuni bali ziko katika mshono wa msamba, ule unaoanzia kiunoni mbele, ukapita katikati ya miguu na kupanda hadi kiunoni nyuma.

Chanzo mara nyingi ni vipimo. Tumezoea kuzungusha tepu kiunoni, kwenye nyonga na kwenye paja, kisha tukapima urefu wa mguu na kuridhika. Vipimo viwili vinabaki bila kuchukuliwa. Cha kwanza ni kina, yaani umbali wa kushuka kutoka kiunoni hadi msambani: funga lastiki kiunoni, keti kwenye kiti kigumu (si sofa wala kitanda), pima ubavuni kutoka kwenye lastiki hadi kwenye ubao wa kiti, kisha ongeza nusu inchi hadi inchi moja ili mwili upate nafasi. Cha pili ni urefu wa msamba wenyewe, unaopimwa kwa kupitisha tepu katikati ya miguu kutoka kiunoni mbele hadi kiunoni nyuma. Watu wawili wanaweza kuwa na nyonga ya inchi 40 kila mmoja, lakini mmoja amebeba inchi hizo tumboni na mwingine makalioni, na suruali ya mmoja haiwezi kumkaa mwenzake hata kidogo.

Kabla ya kugusa kitambaa kizuri, kata suruali ya majaribio kwa marekani (pamba nyeupe ya bei nafuu) au shuka kuukuu lenye uzito unaokaribiana nacho, uipige bandi, yaani uishone kwa mkono kwa mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi nyingine ili mishono ionekane na ifumuke upesi. Zipu na mifuko haihitajiki hapa. Acha akiba, yaani kitambaa cha ziada nje ya mshono, ya inchi moja ubavuni na kwenye mshono wa ndani wa mguu, na inchi moja na nusu juu katikati ya nyuma, ila kwenye tao la msamba, yaani pale mshono wake unapopinda, usiache zaidi ya robo inchi au kidogo zaidi. Akiba pana ndani ya tao hushikilia kitambaa na kuzaa mikunjo ambayo si kasoro ya mkato, nawe utapoteza jioni nzima ukitibu ugonjwa usiokuwepo.

Sasa vaa, funga lastiki juu yake kiunoni, na mwombe mtu akutazame kwa nyuma au akupige picha. Ukijipinda kujiangalia kwenye kioo, mikunjo hubadilika papo hapo na picha unayoiona haina faida. Mikunjo iko ya aina mbili. Uliokaza, usiobanika kwa vidole, unaonyesha kwamba kitambaa kimepungua, na ncha yake huelekea mahali kilipopungua. Uliolala, unaoweza kuubana na kuutia pini, unaonyesha kwamba kitambaa kimezidi. Anayechanganya aina hizi mbili atapunguza mahali palipohitaji kuongezwa.

Tuanze mbele. Mikunjo iliyokaza ikitawanyika kutoka msambani kuelekea mapajani na kwenye nyonga, kwa kawaida kitambaa kinachopita kati ya mapaja ni kifupi, kwa hiyo fumua mshono wa ndani wa mguu sehemu ya juu, achilia hadi nusu inchi na uipunguze taratibu hadi iishe inapokaribia goti. Lakini ikiwa mshono unauma mwilini hata ukiwa umesimama tu, kilichopungua ni kina, na dawa yake ni kuongeza juu kiunoni ikiwa akiba ipo, au kulichimba tao robo inchi, kuvaa, kutazama, kisha robo nyingine ikibidi. Wapo wanaochimba tao kwa pupa wakidhani msamba ukiteremka ndipo mvaaji atastarehe, ilhali msamba uliozama mno huzuia mguu kuinuka, na kilichokatwa hakirudi.

Nyuma ndiko kwenye kazi kubwa. Malalamiko ninayoyasikia zaidi, hasa kwa wanawake, ni kwamba kiuno kinaachama nyuma huku makalio yamebanwa, na mvaaji akiketi suruali inateremka. Tiba iliyozoeleka ni kukipunguza kiuno katikati ya nyuma. Mwanya unapungua kweli, lakini suruali inaendelea kuteremka, kwa sababu kinachokosekana ni urefu wa kupanda juu ya makalio. Chora mstari kwenye pande la nyuma, usawa wa makalio, kutoka mshono wa katikati hadi ubavuni. Kata kwa kuufuata mstari huo bila kuukata ubavu wenyewe, panua katikati kiasi cha inchi moja, na uzibe mwanya kwa kipande cha marekani kilichopigwa bandi. Utaona kiuno cha nyuma kinapanda na mshono wa katikati unalala mshazari zaidi, na papo hapo ule mwanya wa kiunoni hupungua wenyewe. Ukibaki kidogo, ugawe kwenye mikunjo ya kushonwa ya kiunoni badala ya kuubeba wote ubavuni.

Kwa mwenye makalio bapa kazi ni kinyume: bana kwa pini mkunjo unaoning'inia, mnene katikati na ukiishia patupu ubavuni, kisha punguza kidogo mshono wa ndani wa mguu upande wa nyuma. Usitafute nyuma iliyonyooka kabisa. Suruali isiyo na mkunjo wowote ukiwa umesimama haitakuruhusu kuketi, nami huamini kipimo kimoja tu, nacho ni kukaa juu ya mbuzi kana kwamba unataka kukuna nazi. Ikipita hapo, safari ya bodaboda kwenda Mikindani haitaisumbua.

Mguu unaojipinda hadi mshono wa ubavuni ukaja mbele ya goti hautibiki kwa kufumua. Uzi wa mtande, ule unaokwenda na urefu wa kitambaa, haukusimama sawa wakati wa kukata, hivyo pande hilo likatwe upya, na safari hii mstari wa mtande upimwe umbali wake kutoka kwenye upapi wa kitambaa (ukingo wake uliofumwa kiwandani) katika ncha zote mbili. Pamba nayo ifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, la sivyo kila ulichorekebisha kitarudi kubana baada ya kufua mara ya kwanza. Kwa joto na jasho la pwani hii mimi huongeza nusu inchi mapajani hata pale vipimo visipodai, maana suruali inayoganda mapajani saa saba mchana haivaliki, iwe imekatwa vizuri namna gani.

Marekebisho yakikamilika, fumua marekani yote, ipige pasi, na uihamishie kwenye karatasi ya kaki pamoja na viraka vyake. Hakikisha mshono wa ndani wa mbele na wa nyuma bado unalingana kwa urefu. Pindo liwe la mwisho, lipimwe ukiwa umevaa viatu utakavyovivaa na suruali hiyo, nyuma ikishuka kidogo kuliko mbele.